Siku ya Kupima Presha Mtaani: Mwongozo kwa Kikundi Kinachotaka Kuokoa Mioyo ya Majirani

Mtu mwenye presha ya kupanda mara nyingi hasikii chochote. Anaamka, anakunywa chai na chapati yake, anakwenda kazini na kurudi, na wakati wote huo moyo wake unasukuma damu kwa nguvu iliyopita kiasi. Wengi huambiwa kuwa wana presha wakiwa tayari wamelazwa, upande mmoja wa mwili umepooza. Shirika la Afya Duniani, katika takwimu zake za 2021, lilikadiria kuwa watu bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wanaishi na presha ya kupanda, na kwamba asilimia 46 kati yao hawajui.

Kwetu Tanzania jambo hili si la kusimuliwa kutoka mbali. Utafiti uliofuatilia kiharusi kati ya 2003 na 2006 ulikuta wagonjwa wapya wapatao 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na wapatao 316 Dar es Salaam, baada ya kusawazisha tofauti za umri. Mjini ni karibu mara 3 ya kijijini. Na kisababishi kikubwa cha kiharusi, tena kile kinachotibika kwa urahisi kuliko vingine, ni presha.

Mwongozo huu ni wa kikundi chochote chenye nia: wanavikoba, klabu ya mbio za asubuhi, kwaya, vijana wa msikiti, umoja wa madereva wa bodaboda. Nimechagua siku ya kupima presha kwa sababu haihitaji fedha nyingi na inamgusa mtu mmoja mmoja. Niseme mapema ninachokiamini: fulana, mahema na picha na mgeni rasmi havimponyi mtu. Kinachomponya ni kujua namba yake, kisha kufika zahanati, kisha kubaki kwenye matibabu. Kwa hiyo sehemu ya mwisho ya mwongozo huu, ya kuwafuatilia watu baada ya siku yenyewe, ndiyo ninayokuomba uisome mara mbili.

Hatua ya 1: Anzia zahanati

Kabla ya kutafuta mahema, nenda kwa mganga mfawidhi wa zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Muulize kama dawa za presha zipo dirishani, siku gani ya wiki wanaona wagonjwa wa presha na sukari, na nani atawapokea watu mtakaowatuma. Ukijibiwa kwamba dawa zimeisha na hazijulikani zitakuja lini, ahirisha. Kumwambia mtu kuwa ana ugonjwa halafu akute dirisha tupu ni kumfundisha asirudi tena.

Zahanati ikikubali, mwone mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mtendaji, kisha andikeni barua kwa mganga mkuu wa manispaa au halmashauri. Msione hili kama urasimu wa kuwachelewesha. Ofisi hiyo ndiyo inayoweza kuwapa wauguzi na matabibu wa siku hiyo, na ndiyo inayowajua wahudumu wa afya ngazi ya jamii ambao tayari wanaingia kwenye nyumba za mtaa wenu. Baadhi ya hospitali za rufaa, na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI) iliyopo Muhimbili, huwa na huduma za tiba mkoba, ambapo wataalamu wanawafuata watu walipo. Kuuliza ni bure, ila siku yenu isisimame kwa kusubiri jibu.

Kutafsiri majibu na kutoa ushauri wa matibabu ni kazi ya mtu mwenye taaluma. Nyinyi wa kikundi mtaandikisha, mtapanga viti, mtapokea watu, mtaongoza mazungumzo ya chakula na mazoezi mliyofundishwa, na mtawafuatilia watu baadaye. Kazi hiyo inatosha, na ni kubwa.

Hatua ya 2: Chagua mahali walipo wanaume

Kuna tarehe zinazosaidia kupata uzito na wataalamu: 17 Mei ni Siku ya Presha Duniani, 29 Septemba ni Siku ya Moyo Duniani, na Novemba kuna Wiki ya Magonjwa Yasiyoambukiza. Mkikosa hizo, Jumapili yoyote inafaa. Presha haina msimu.

Mahali ni muhimu kuliko tarehe. Ukiweka meza zahanati siku ya kazi, watakuja akina mama waliozoea kufika pale na watoto wao. Watakaokosekana ni wale hasa unaowataka: fundi gereji wa miaka 45, dereva wa daladala, mzee wa bao, mchuuzi wa samaki, kijana wa bodaboda anayekunywa supu asubuhi na chipsi jioni. Hao hawaendi hospitali mpaka wabebwe. Kwa hiyo pelekeni meza kijiweni, sokoni, nje ya msikiti baada ya swala ya Ijumaa, nje ya kanisa baada ya ibada, au uwanja wa mpira, saa mbili kabla mechi haijaanza. Zungumzeni kwanza na mwenyekiti wa kijiwe au nahodha wa timu, na mumwombe awe wa kwanza kukaa kwenye kiti. Akipimwa yeye, wengine hawana cha kusingizia.

Pawe na kivuli na kimya cha wastani. Spika ya muziki mita tatu kutoka kwenye mashine inaharibu vipimo, kwa sababu muuguzi na mtu wake wataanza kupaza sauti. Kama mnapima asubuhi, anzeni saa 1, mmalize saa 5 kabla jua halijawa kali.

Mkifanya wakati wa Ramadhani, wakumbusheni wanaotumia dawa wazungumze na daktari wao kuhusu saa za kumeza, daku na futari. Wapo wanaoacha dawa mwezi mzima kwa kudhani hakuna njia nyingine.

Hatua ya 3: Vifaa

Mashine za kidijitali zinazofungwa mkono wa juu ndizo zinazofaa. Za kufunga kifundo cha mkono ziacheni, zinakosea kirahisi. Kwa kila mashine muwe na mkanda wa kawaida na mkubwa, maana mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba ya juu kuliko ilivyo kweli, na mtu mzima wa afya atarudi nyumbani na hofu isiyo yake. Betri za akiba, viti vyenye egemeo, meza, daftari moja kubwa, kadi za kumpa kila mtu, maji ya kunywa. Mizani ya uzito ikipatikana ni vizuri. Kipimo cha sukari pia, ila vijiti vyake vina gharama. Kama fedha ni kidogo, vitengeni kwa walio na presha ya juu, wenye unene na wenye ndugu wa kisukari.

Pigeni hesabu mapema. Mashine moja ikitumika vizuri, kwa kumpima kila mtu mara mbili, hupima watu 12 hivi kwa saa. Kwa saa 4 ni kama watu 50. Mashine 3, watu 150. Mkiita mtaa mzima kwa mashine moja, foleni itawalazimisha kuharakisha, na kipimo cha haraka ni kipimo cha uongo.

Kiuno mnaweza kukipima bila kifaa chochote cha dukani. Chukua uzi, mpime mtu urefu kuanzia kisigino hadi utosini, ukate. Ukunje uzi huo katikati, kisha umzungushie kiunoni usawa wa kitovu. Ncha zisipokutana, mafuta ya tumboni yamezidi, na hayo ndiyo yanayoambatana na presha, sukari na maradhi ya moyo. Watu wanapenda sana kipimo hiki kwa sababu wanaona kwa macho yao, na wengi wataomba kwenda na uzi wao nyumbani.

Hatua ya 4: Pimeni kwa usahihi, hata kama foleni inanung'unika

Hapa ndipo siku nyingi za upimaji huharibika. Mtu ametembea kwa haraka juani, anakaa, anafungwa mkanda juu ya shati, mkono unaning'inia, anasimulia habari za jana, mashine inalia: 152 kwa 94. Huyo hajapimwa.

Panga viti vya kusubiri kabla ya meza ya kipimo, na uwaeleze watu kwamba kupumzika pale dakika 5 ni sehemu ya kipimo. Kabla ya hapo waulizwe: umevuta sigara, umekunywa kahawa au umekimbia ndani ya nusu saa iliyopita? Kama ndiyo, asubiri. Mkojo umembana? Aende kwanza, kibofu kilichojaa hupandisha presha. Kisha akae mgongo umeegemea, nyayo zote mbili chini, miguu haijapishana. Mkono uwe juu ya meza, usawa wa moyo. Mkanda ugusane na ngozi, si na nguo. Kwa akina mama wenye nguo za mikono mirefu, tengenezeni kona yenye pazia na muuguzi mwanamke. Wakati mashine inafanya kazi hakuna anayezungumza, wala mpimaji.

Pima, subiri dakika 1, pima tena. Kama namba mbili zinapishana sana, pima mara ya tatu, kisha chukua wastani wa mbili za mwisho. Andika namba zote mbili za presha, ya juu (moyo unaposukuma) na ya chini (moyo unapopumzika). Mara ya kwanza mtu akipimwa kabisa maishani, apimwe mikono yote miwili ikiwezekana, na mkono wenye namba kubwa ndio utumike siku zijazo.

Namba isitangazwe. Nimeona watu wakigeuza meza ya kipimo kuwa baraza, "Mzee una 190!" na kijiwe kizima kinageuka. Mzee huyo hatarudi. Onyesha namba kwenye karatasi, zungumza kwa sauti ya chini.

Hatua ya 5: Mwambieni nini mwenye namba hii, na nini mwenye ile

Kubalianeni na muuguzi mkuu wa siku kabla ya kuanza, ili meza zote ziseme jambo moja. Mpango huu ni wa kuanzia:

Chini ya 120 kwa 80: vizuri. Apime tena baada ya mwaka.

Kati ya hapo na 139 kwa 89: bado haijafika kiwango cha ugonjwa, lakini inapanda. Huyu ndiye wa kukaa naye kwenye meza ya chakula na mazoezi, kisha apime tena baada ya miezi michache.

140 kwa 90 hadi 159 kwa 99: hajathibitishwa kuwa mgonjwa kwa kipimo cha siku moja. Apewe kadi ya rufaa afike zahanati ndani ya mwezi, apimwe tena siku nyingine. Inatosha namba moja kati ya mbili kuzidi, ya juu au ya chini.

160 kwa 100 na kuendelea: zahanati ndani ya wiki.

180 kwa 110 na kuendelea: akae kivulini, apumzike, apimwe upya. Ikibaki hapo, aonwe na mtaalamu siku hiyo hiyo. Na kama pamoja na namba hiyo ana maumivu ya kifua, anakosa pumzi, kichwa kinamuuma vibaya, macho yanaona ukungu, amechanganyikiwa au upande mmoja umelegea, hiyo ni dharura: gari, hospitali, sasa. Hakikisheni gari hilo limepangwa na dereva yupo.

Mama mjamzito ana sheria yake. Kwake 140 kwa 90 ni ya kupelekwa kliniki siku hiyo hiyo, kwa sababu inaweza kuwa mwanzo wa kifafa cha mimba. Na mama aliyejifungua miezi michache iliyopita, au aliye mwezi wa mwisho wa ujauzito, anayesema anakosa pumzi akilala chali na miguu imevimba kupita kawaida, asiambiwe ni uchovu wa kulea. Moyo unaweza kudhoofika katika kipindi hicho, na anahitaji daktari.

Hatua ya 6: Meza ya mazungumzo

Msiweke mhadhara. Wekeni meza yenye vitu: kijiko cha chai, chumvi, chupa ya soda, sukari, fungu la matembele, pakiti ya viungo vya mchuzi. Mtu akitoka kwenye kipimo apite hapo. Mihadhara ya Profesa Mohamed Janabi, aliyeiongoza JKCI katika miaka yake ya mwanzo, ilisambaa kwenye simu hadi vijiweni watu wakabishana juu ya wali na ugali, kwa sababu aliongea habari za sahani. Sahani kila mtu anaijua.

Anzeni na chumvi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, yaani kama kijiko kimoja cha chai, cha siku nzima, kikijumuisha iliyomo kwenye mkate, chipsi, achari, viungo vya pakiti, ng'onda na dagaa waliokaushwa kwa chumvi. Kijazeni kijiko mbele ya mtu, mwambieni achote kiasi anachodhani anakula kwa siku pamoja na ile anayonyunyiza kwenye chipsi mayai. Halafu mpeni njia: kopo la chumvi liondoke mezani, samaki mkavu aloweshwe na maji yamwagwe kabla ya kupikwa, ukitia kiungo cha pakiti, usitie chumvi tena; badala yake ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili vibebe ladha. Punguzeni taratibu, kwani ulimi huzoea baada ya wiki chache.

Mazungumzo haya yasiishie kwa wapishi wa nyumbani. Mama lishe mmoja anawalisha watu wengi kwa siku kuliko nyumba kumi. Mfuateni kabla ya siku yenu, mwombeni atoe makopo ya chumvi mezani na kuyaweka upande wake, anayetaka aombe. Ni mabadiliko madogo yasiyomgharimu, na wengi hukubali wakiombwa kwa heshima.

Mafuta: tatizo la kwanza kwetu ni kukaanga, na mafuta yanayorudiwa siku baada ya siku mpaka yawe meusi. Chemsha, choma, tia tui jepesi badala ya zito. Maharage, kunde, choroko, samaki, mchicha, kisamvu na matunda kamili badala ya juisi ya sukari, vyote vinapatikana sokoni na vingine ni nafuu kuliko nyama. Tumbaku ni neno moja: acha. Sigara, ugoro na shisha vyote vinaumiza mishipa, na anayeacha ananufaika hata kama amevuta miaka 30. Pombe, kadiri inavyopungua ndivyo presha inavyoshuka.

Mazoezi ni dakika 150 kwa wiki za mwendo unaokufanya upumue kwa kasi lakini bado uweze kuongea. Nusu saa, siku 5. Kushuka kituo kimoja kabla na kutembea, kulima, kudeki, kucheza ngoma, vyote vimo. Ikiwa kuna klabu ya mbio mtaani, iwepo hapo na daftari la kuandikisha wapya, ikiwa na kundi la watembeao kwa ajili ya wazee na wanene, maana wengi huogopa kuchekwa kwenye mbio.

Jiandaeni pia kwa maneno yatakayokuja mezani. "Dawa ya presha ukianza huachi." Jibu kwa ukweli: wengi huitumia maisha yote, kwa sababu presha yenyewe ni ya muda mrefu, na si kwamba dawa imewafunga. Dawa ndiyo inayoishikilia chini. Anayeacha kwa sababu amepima akakuta 125 atakuta imepanda tena. "Dawa zinamaliza nguvu za kiume." Hofu hii inawaua wanaume kimya kimya, kwa hiyo msiipuuze wala msiicheke. Presha isiyotibiwa yenyewe huharibu mishipa ya sehemu hizo. Akiona badiliko baada ya kuanza dawa amwambie daktari, kwa sababu dawa ziko za aina nyingi na hubadilishwa. "Natumia mlonge na kitunguu saumu." Aendelee kula kitunguu saumu kwenye chakula chake, lakini asikiweke mahali pa dawa, na amweleze daktari kila mti anaokunywa. "Nina mawazo tu." Mawazo hupandisha presha kwa muda, ila mwenye mawazo naye hupimwa na kutibiwa kama wengine.

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya simu, kwamba ukipatwa na mshtuko wa moyo ukiwa peke yako ukohoe kwa nguvu. Waambieni wasiutegemee. Anayeumwa kifua aite watu na apelekwe hospitali.

Hatua ya 7: Dalili ambazo kila mtu aondoke akizijua

Mshtuko wa moyo: kifua kubanwa au kulemewa kwa dakika kadhaa, maumivu yakienda mkono wa kushoto, shingoni, tayani au mgongoni, jasho la baridi, kukosa pumzi, kichefuchefu. Wanawake, wazee na wenye kisukari wanaweza wasipate maumivu makali. Wataona uchovu wa ghafla, kichefuchefu, au maumivu ya chembe ya moyo yanayodhaniwa ni vidonda vya tumbo au gesi. Mtu mzima mwenye presha au sukari anayepata maumivu mapya ya chembe pamoja na jasho asipewe maziwa na kuambiwa alale.

Kiharusi: uso kupinda upande mmoja, mkono au mguu kulegea, maneno kukokotana, na vyote vimekuja ghafla. Mwambie acheke, ainue mikono miwili, aseme sentensi moja. Kimoja kikishindikana, safari ya hospitali ianze, na saa dalili zilipoanza iandikwe, kwa sababu daktari ataiuliza. Asipewe chakula wala maji, anaweza kupaliwa. Wapo majirani wanaoamini ni jini au upepo mbaya na hutaka kuanzia kwa mganga wa kienyeji au kwa dua. Msibishane nao mbele ya mgonjwa. Waambieni dua isomwe ndani ya gari, njiani kuelekea hospitali. Familia nyingi zitakubali hilo, na saa hazitapotea.

Kama kuna mtaalamu anayeweza, aonyeshe kusukuma kifua kwa mtu aliyeanguka na hapumui: kiganja katikati ya kifua, mikono imenyooka, kina cha sentimita 5 hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mto mgumu unatosha kufundishia.

Na neno kwa wazazi. Moyo wa mtoto unaweza kuharibika kwa ugonjwa unaoanzia kooni. Koo la bakteria lisipotibiwa vizuri, hasa kwa watoto wa miaka 5 hadi 15, linaweza kufuatiwa na homa ya baridi yabisi ya ghafla: viungo kuvimba na kuuma kwa kuhamahama, homa, kuchoka. Hiyo inaweza kuacha kovu kwenye milango ya moyo, na mtoto huyo ukubwani anaweza kuhitaji upasuaji. Mtoto mwenye koo linalouma sana na homa, bila mafua, apelekwe zahanati, na dozi akipewa aimalize. Aliyeshaambiwa ana ugonjwa huu wa moyo huchomwa sindano ya penisilini kila wiki 3 hadi 4 kwa miaka mingi. Asikose hata moja. Mwalimu wa shule ya msingi akijua hili peke yake, mmeshafanya kazi.

Hatua ya 8: Kazi inayoanza Jumatatu

Sasa mahema yameshushwa. Katika daftari lenu kuna majina, namba za simu, umri, vipimo na jina la zahanati aliyotumwa kila mmoja. Kila aliyeandikwa awe amekubali kwa mdomo wake kupigiwa simu. Daftari likae kwa mtu mmoja aliyeteuliwa, lisipigwe picha wala kurushwa kwenye kundi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu hata nyinyi mnaojitolea.

Jioni ile ile, gawaneni waliokutwa na 140 kwa 90 na zaidi. Kila mwanakikundi achukue watu 5 au 6, si zaidi, ikiwezekana anaowafahamu. Waliokuwa na 180 wapigiwe kesho yake. Wenye 160, ndani ya siku 3. Waliobaki, kabla wiki mbili hazijaisha. Simu yenyewe iwe fupi na ya kibinadamu:

"Shikamoo baba. Mimi ni yule kijana wa klabu ya mbio, tulikuwa wote pale sokoni Jumapili. Unaendeleaje? Ulifanikiwa kufika zahanati?"

"Marahaba mwanangu. Bado, kazi zimenibana."

"Nakuelewa baba. Wanaona watu wa presha Jumatano asubuhi. Nikupitie saa 1 twende wote?"

Kumsindikiza mtu ndiko kunakofanya kazi kuliko karatasi yoyote. Mtu wa miaka 55 ambaye hajawahi kukaa foleni ya hospitali anaona aibu, hajui dirisha lipi ni lipi, anaogopa gharama. Akiwa na mtu, anafika. Muulizeni pia kuhusu bima. Kama hana, muulizieni bei ya dawa pale zahanati ili asitishwe na bei ya kufikirika.

Baada ya mwezi pigeni tena kwa kila aliyeanza dawa. Hapo ndipo wengi huacha, kwa sababu hawasikii tofauti yoyote, au vidonge vimeisha, au jirani amesema neno. Ulizeni vidonge vimebaki vingapi. Wasaidieni kumeza wakati ule ule kila siku, pamoja na chai ya asubuhi kwa mfano, na mtu mmoja nyumbani awe mkumbushaji: mke, mume, mjukuu. Mwenye kuona madhara asiache mwenyewe, arudi kwa daktari abadilishiwe.

Mwezi wa tatu, waiteni wote waje kupimwa tena, pale pale kijiweni, kwa mashine zile zile na kwa utaratibu ule ule wa dakika 5. Kisha kaeni na mganga mfawidhi na daftari mkiwa na maswali manne: tuliwakuta wangapi na presha ya juu, wangapi walifika zahanati, wangapi bado wanameza dawa, na wangapi sasa wako chini ya 140 kwa 90. Namba ya pili ikiwa ndogo, tatizo ni usindikizaji au umbali wa zahanati. Ya tatu ikiwa ndogo, ulizeni kuhusu upatikanaji wa dawa na bei. Ya nne ikiwa ndogo ilhali dawa zinamezwa, daktari anapaswa kuongeza au kubadilisha dozi, na meza ya chumvi irudi. Pelekeni majibu hayo kwenye mkutano wa mtaa na nakala kwa mganga mkuu wa manispaa, na mkiomba dawa au muuguzi wa siku inayofuata, ombeni mkiwa na namba hizo mkononi.